Mzeituni wa Sahani

Mmoja wenu, ninyi mnaouza miche kando ya barabara pale Magomeni ya hapa Mtwara, alinijia juzi na simu yake mkononi. Akanionyesha picha ya mti mfupi, kimo cha birika, umekaa kwenye chombo bapa, shina limejipinda kama mzee anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Akaniuliza, "Bibi, hiki kitu ni cha kweli au plastiki? Wanakiita bonsai."

Nilicheka mpaka mtandio ukanianguka. Nikamwambia, mjukuu wangu, mti wa namna hiyo nimeufungua mizizi kwa mikono hii, nimeupunguza matawi, nimesafiri nao mapajani kwenye lori, na wakati huo mama yako alikuwa bado ananyonya. Sisi hatukuuita bonsai. Tuliuita mzeituni wa sahani, basi.

Tangu siku hiyo mnapishana hapa kwangu, kila mmoja na kichungu chake, mnataka mfundishwe. Nitawafundisha. Lakini mnivumilie, maana kazi ya bustani niliipokea kutoka kwa mtu, na siwezi kuieleza kazi nikamwacha mwenyewe nje.

Aliitwa Mzee Nandonde. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mrefu, mwembamba, chale za ujana usoni, kofia ya ukindu haimtoki kichwani. Alivuka mto akiwa kijana, akiwakimbia Wareno na kazi zao za shuruti, akaja kukata mkonge kwenye shamba la Mgiriki mmoja huku kwetu, njia ya kwenda Mikindani. Kwenye mkonge hakukaa sana. Mke wa Mgiriki, Bibi Eleni, alimwona ana mkono mwepesi, akamtoa shambani akamtia bustanini kwake. Shamba lilipochukuliwa na serikali, Wagiriki wakarudi kwao, naye Mzee akahamishiwa resthausi ya serikali hapa Mtwara mjini, awe mkuu wa bustani.

Mimi nilimkuta hapo. Nilikuwa nimetoka kuachika, nimerudi nyumbani Mikindani na mtoto mgongoni, nikasikia resthausi wanatafuta mtu wa kufagia. Siku yangu ya kwanza nilifagia majani chini ya miti yote, nikayakusanya chungu moja, nikayatia moto. Nilijiona mchapakazi kweli. Mzee akaja akasimama kando ya majivu, akavua kofia kama yuko msibani.

"Binti, kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa, mzee."

"Mbona umepika chakula cha matanga?"

Hapo ndipo nilipojua mboji ni nini, na kwamba majani yaliyooza ni ugali wa mti. Nikadhani nimefukuzwa kabla sijaanza. Kumbe kesho yake alikwenda kwa Meneja akamwambia, "Yule mwanamke wa ufagio nipe mimi. Anakosea kwa bidii."

Meneja wetu alikuwa Ndugu Mwaipopo, mtu wa Tukuyu, mkristo mwema, aliyelalamikia joto la Mtwara kila alipofungua kinywa. Miaka ile ya ujamaa sote tulikuwa ndugu: Ndugu Meneja, Ndugu Mpishi, mimi Ndugu Somoe. Mzee peke yake aliukwepa undugu. Hata Meneja alimwamkia.

Msidhani kwamba resthausi ilikuwa maua matupu. Ulipokuja mwaka wa njaa, ikaja na amri kwamba kila penye ardhi palimwe chakula. Ndugu Mwaipopo akakunja suruali, akashika jembe mwenyewe, tukang'oa maua ya mbele yote tukapanda mhogo na mbaazi. Wageni wa serikali wakawa wanapitia katikati ya mhogo kuingia sebuleni. Mimi iliniuma, nilikuwa ndiyo kwanza nimejifunza kuyapenda yale maua. Mzee akachukua jembe. Alichimba kama wengine. Meneja alipofika barazani, akakuta ile sahani ya udongo na mti wake, akauliza, "Na hiki?"

"Hicho hakina shamba, Ndugu Meneja," Mzee akamjibu. "Kimebeba shamba lake chenyewe."

Ndugu Mwaipopo akaangua kicheko, akapita. Basi ukapona kwa neno hilo.

Sasa huo mti. Ulikuwa mzeituni, majani membamba, juu kijani iliyokoza, chini rangi ya fedha, ukipulizwa na upepo unageuka rangi kama dagaa kwenye maji. Shina lake nene kama kifundo cha mkono, limepinda mara moja kuelekea baharini kisha likarudi. Haujawahi kuzaa zeituni hata moja. Mzee alisema unahitaji baridi ndipo uzae, na baridi hapa Mtwara iko kwenye friji ya mpishi tu.

Kosa langu la kwanza kwenye mti huo lilikuwa maji. Niliuonea huruma, mti wa watu, jua la Mtwara, udongo kiganja kimoja. Kila jioni nikaunywesha. Majani yakaanza kuanguka, nami nikazidisha maji. Mzee aliponigundua hakufoka. Aliuchukua mkono wangu, akakichomeka kidole changu cha shahada kwenye udongo mpaka kiungo cha pili.

"Unasikia nini?"

"Ubichi."

"Basi hajaomba. Mpe siku kidole kikitoka kikavu. Tena asubuhi, siyo jioni. Ukimnywesha jioni analala na nguo mbichi."

Ninyi mnaniuliza mti umwagiliwe mara ngapi kwa wiki. Hakuna mara ngapi. Kuna kidole.

Miaka ikapita. Nikajua kupandikiza, nikajua kunoa kisu kwenye jiwe la mchanga, nikajua kupinda tawi kwa kulifunga jiwe dogo na kamba ya katani likaning'inia mpaka tawi lenyewe likubali. Siku hizi mna waya wa shaba wa kuvisha tawi kama bangili, na mikasi ya kila umbo, na mnafundishwa na video. Sawa, ni vizuri. Waya unafanya kazi haraka. Ila ukiusahau unaingia kwenye ngozi ya mti na kovu halifutiki. Jiwe halisahauliki, maana linakugonga kichwani kila ukiinama.

Lakini niliona jambo moja. Miti mingine yote Mzee aliikata bila kusita. Mzeituni hakuugusa. Aliufuta vumbi, akaunywesha, akaugeuza jua, ila kisu hakuupelekea. Matawi yakasongamana mpaka ndege mdogo asingepita, sisimizi wakaweka kambi humo. Kisha ukaanza ugonjwa. Majani yakapauka, ncha zikakauka, na maji nikiyamwaga yanasimama juu, hayazami. Nikajaribu kuusukuma mti kwa kidole. Ukasogea pamoja na udongo wote, kama meno ya bandia.

Nikamfuata Mzee. "Mizizi imejaa. Inabidi tuufungue, tuipunguze, tuutie udongo mpya."

"Mwache."

"Unakufa, mzee."

"Nimesema mwache."

Hakuwahi kunikatiza namna ile. Nilikasirika. Na nilikuwa na la kukasirikia zaidi, maana nilishajua siri yake nyingine: macho yalikuwa yanamwingia ukungu. Alikuwa anahesabu hatua kutoka jikoni mpaka bombani. Alikuwa ananiambia, "Hebu niangalizie kama mbaazi zimetoa ua," wakati amesimama katikati ya maua yenyewe. Nikafikiri hataki kufungua mti kwa sababu haoni na hataki mtu ajue. Kwa ujinga wa hasira nikamwambia hivyo usoni.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Halafu akanieleza.

Bibi Eleni alikuja na kimche cha mzeituni kutoka kwao, kimefungwa kitambaa kibichi, safari nzima ya meli. Alikipanda koponi mwaka aliozaliwa mwanawe hapa shambani, mtoto wa kiume. Mtoto akakua kidogo, akawa anakimbia uani, anamwita Mzee "Ndonde," hakuweza kulimaliza jina. Malaria ikamchukua. Walimzika pale pale shambani, nyuma ya nyumba.

"Kaburi nilichimba mimi," Mzee akasema. "Baba yake alishindwa kushika sururu."

Baada ya hapo Bibi akawa haupeleki mti ardhini wala hautupi. Aliuweka kwenye sahani, akawa anaukata mwenyewe, anaupinda, anaupandikiza upya, kazi ya mikono yake kila kipupwe kinapokwisha. Siku ya kuondoka, gari linaunguruma, alimletea Mzee ile sahani. Akamwambia, "Nandonde, mwanangu namwacha peke yake. Huu ubaki naye. Usiukate."

"Basi," Mzee akasema. "Nimeambiwa usiukate. Unataka nimjibu nini?"

Mimi nami nilikuwa na mtoto. Nilikuwa najua mama anaposema maneno ya kwenye gari linalounguruma yanatoka wapi. Nikamwambia, "Mzee, yule mama aliukata miaka yote kwa mkono wake. Alipokwambia usiukate alikuwa anaaga. Hakuwa anafundisha kazi."

Akainuka, akahesabu hatua zake mpaka getini, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta barazani kanitangulia. Kisu kimeshanolewa, kimelazwa juu ya gunia bichi. Akasema, "Mimi vidole, wewe macho. Usiseme lolote kwa Meneja."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mlipojia.

Udongo ulikuwa umekauka kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu udongo mkavu unaachia na uliolowa unang'ang'ania. Nikapitisha kisu kuzunguka ukingo wa sahani, kama unavyotoa mkate wa kumimina chunguni. Mzee akashika shina chini kabisa, si matawi, akatikisa taratibu, mti ukatoka na umbo la sahani lile lile. Nilipoona chini yake nilisema "Lahaula." Udongo haukuwapo. Ilikuwa mizizi mitupu, imezungukana, imesukana. Mzee akaipapasa kwa viganja vyote viwili.

"Maskini," akasema. "Amejisukia jamvi la kuzikiwa."

Tukaanza kuifungua kwa njiti za ukuti wa mnazi, kuanzia nje kwenda ndani, kama unavyomfumua mtoto nywele zilizokaa bila kusukwa: huvuti, unachambua. Kila tukipumzika tunafunika gunia bichi, kwa sababu mizizi ikipigwa na upepo wa bahari hata kwa muda wa kunywa chai imekufa. Halafu kukata. Ile minene inayozunguka chini haina kazi tena, ni kamba tu. Myembamba kama ndevu ndiyo inayokunywa. Mimi nainua mzizi, nampa ncha yake vidoleni.

"Huu?"

"Mnene?"

"Kama penseli."

"Una ndevu?"

"Hauna."

"Kata."

Tukaenda hivyo. Tulifika kwenye mzizi mmoja uliotoka katikati ya shina kwenda chini moja kwa moja, ule wa kwanza kabisa, ule aliokuja nao Bibi Eleni kwenye kitambaa kibichi. Ulikuwa umeoza nusu. Nikampa vidoleni bila kuuliza. Akaushika. Mpishi akapita na sufuria, akatuangalia, akarudi kimya kimya alikotoka. Jasho lilikuwa linamtiririka Mzee ndani ya zile chale za shavuni.

"Kata juu ya penye uozo," akasema mwishowe. "Haraka."

Nikakata.

Kisha juu. Kanuni yake ilikuwa hii: ukipunguza midomo, punguza na matumbo. Mizizi imepungua, haiwezi kulisha majani yale yote, kwa hiyo majani nayo yapungue. Likitoka tawi linaloelekea ndani, toa. Yakipandana mawili, toa moja. Linaloning'inia chini, toa. Mkato uwe safi, uulaze kidogo maji yasikae, na uupake nta ya nyuki. "Kata mpaka upepo upite bila kubisha hodi," aliniambia, akawa anapuliza kati ya matawi kwa mdomo wake, anasikiliza.

Sahani mpya nilikuwa nimeshaagiza, tangu nilipoona maji hayazami, kwa mfinyanzi mmoja huko Mikindani. Mama yule aliponisikia nataka sahani yenye matundu alinitazama kwa huruma, akaniuliza, "Na mchuzi utakaaje, mwanangu?" Matundu tukayaziba kwa vigae vilivyoinamishwa, maji yapite udongo ubaki. Udongo wenyewe: mchanga mnene wa mto, siyo wa pwani wenye chumvi, vipande vya matumbawe vilivyopondwa, kwa sababu mzeituni unapenda chokaa, na mboji iliyochekechwa, kidogo. Mboji nyingi masika inageuka tope, na tope ni adui. Ukishaujaza, chomeka njiti udongo uingie mpaka katikati ya mizizi, pasibaki shimo. Halafu ufunge mti na sahani yake usitikisike. Nilileta uzi wa nailoni. Mzee akaukataa, akatoa kamba ya katani mfukoni. "Mkonge ndio ulionileta huku," akasema. "Nao ufanye kazi."

Vijiti tulivyovikata alivikusanya vyote kwenye kofia yake. Jumapili aliomba lifti, akaenda navyo shambani, nyuma ya ile nyumba. Alichofanya huko sikumwuliza.

Baada ya hapo mti ukapukutisha majani yote.

Yote, wajukuu zangu. Ukabaki mifupa. Tuliuweka kivulini, tukaunyunyizia asubuhi, na hakuna la zaidi la kufanya. Msiupe mbolea mti mgonjwa, ni kama kumpa pilau mtu mwenye homa. Ndugu Mwaipopo, ambaye alijua kila kitu siku ile ile, maana mpishi hakuwa na siri, akawa anapita barazani kila asubuhi kabla ya ofisini. "Mgonjwa ameamkaje?" Nami nakwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini ya gome pakiwa kijani, mti uko hai. Palikuwa kijani. "Anapumua, Ndugu Meneja."

Ndipo zikaja habari kwamba ng'ambo ya Ruvuma Mreno ameshusha bendera yake. Mtwara nzima ilicheza. Wamakonde wa ng'ambo waliokuwa huku kwa miaka, wengine na wajukuu, wakaanza kufunga mizigo. Kila juma lori linashuka Kilambo, kwenye kivuko cha mto, limejaa magodoro, kuku na nyimbo.

Mke wa Mzee, Mama Tekla, alikuja resthausi mwenyewe. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuvusha watu barabara. Akasimama mbele ya ule mti usio na jani.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho," Mzee akasema.

"Wenzetu wanavuka, wewe unasubiri kijiti kiote?"

"Nasubiri."

"Na kisipoota?"

Mama Tekla akateremsha sauti yake, kwa mara ya kwanza nikaisikia ikiwa ndogo. "Nandonde, mama yangu yuko kule. Nilimwacha anatwanga. Sijui kama yu hai. Na wewe macho hayo, kila mwezi yanapungua. Unataka ufike kwenu ukiwa huoni hata mlango?"

Hapo akakubali. Siku ya kuaga aliupapasa mti kuanzia ncha mpaka kwenye sahani, tawi kwa tawi, hakukuta kitu. Akanipa kisu chake. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," na lori likaondoka. Nilirudi kwenye mbaazi, nikapalilia mbaazi na magugu pamoja, nilikuwa sioni vizuri.

Haikupita wiki. Nilikuwa naunyunyizia mti asubuhi, nikaona kitu kwenye kiwiko cha tawi, nikadhani ni yai la mdudu. Nikapeleka mkono nikitoe. Hakikutoka. Kilikuwa chipukizi, kidogo kama kichwa cha pini, rangi ya fedha. Nikatazama chini, kingine. Upande wa pili, vingine.

Nilikimbia mpaka ofisini na viatu vyenye tope. Ndugu Mwaipopo alikuwa na mgeni. Nikasema, "Ndugu Meneja, mgonjwa ameamka."

Akamtazama mgeni, akanitazama mimi. "Watu bado wako Kilambo?"

"Wanasema maji yameshuka lakini mitumbwi michache. Wanasubiri zamu."

Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ndugu Somoe, resthausi inahitaji pingili za mhogo kwa msimu ujao. Za huko bondeni nasikia ni nzuri. Kuna lori linaondoka sasa hivi. Nenda ukazifuate."

Basi nikapanda lori na mzeituni mapajani, nimeufunika kwa kanga yangu isipigwe na vumbi, na kila shimo la barabara nalipokea mimi usilipokee wenyewe. Akina mama wenzangu walidhani nimebeba mtoto. Mmoja akaniuliza, "Wa ngapi huyo?" Nikamjibu, "Si wangu, nimepewa kulea."

Kilambo ilikuwa kama mnada. Watu kwenye mchanga, vyungu, mbuzi, redio. Mto umepungua, visiwa vya mchanga vimejitokeza, viboko mbali wanakoroma, na ng'ambo ile pale, miti tu kama ya huku. Nikaitafuta kofia ya ukindu. Nikaikuta majini: Mzee ameshakunja suruali, Mama Tekla ameshakaa kwenye mtumbwi na kuku wake kikapuni, mwenye upondo anawahimiza.

"Mzee Nandonde!"

Aligeuka aliposikia sauti. "Somoe? Kuna msiba?"

Niliingia majini na nguo zangu, nikaifunua kanga, nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye kiwiko cha tawi.

Vidole vyake vilisimama. Kisha vikatembea taratibu, vikapata cha pili, cha tatu, vikapanda mpaka kileleni, ambako kilikuwapo kimoja kikubwa kuliko wenzake, kimeshafunua majani mawili. Alikishika pale muda mrefu. Halafu, kwa ukucha wa dole gumba, tik, akakikata.

Nilipiga kelele. "Mzee! Ndiyo kwanza kimetoka!"

"Huyu alikuwa anapanda peke yake," akasema. "Wenzake wangelala. Mti mfupi haufundishwi na kisu, mwanangu, unafundishwa na ukucha, ungali mchanga." Akakitia chipukizi kile mdomoni, akakitafuna, akakunja uso. "Mchungu vile vile."

Mama Tekla akacheka kwenye mtumbwi huku anajifuta macho kwa ncha ya doti.

Nikamwambia, "Nimekuletea. Uchukue uende nao."

Akatikisa kichwa. "Mtoto yuko ng'ambo hii." Akanirudishia sahani mikononi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mtoto mchanga. Akapanda.

Upondo ukazama, mtumbwi ukaachana na mchanga. Hakugeuka kuangalia; asingeona kitu. Lakini hawajafika mbali nikamsikia anapaza sauti, ameielekea ile ng'ambo yake.

"Masika usimwache barazani ukingoni! Michirizi inammwagikia!"

"Ndiyo, mzee!"

"Mbuzi wa mpishi!"

"Nitawafunga!"

"Kila kipupwe kikiisha chungulia mizizi! Usisubiri apauke!"

"Nimesikia!"

Maji yakaongezeka kati yetu. Watu nyuma yangu walianza wimbo na ngoma, na sauti yake ikawa inafika vipande vipande. Nikaona mkono wake umeinuka, dole gumba na kidole cha shahada vinafanya kile kitendo cha kukata chipukizi, kimoja, kingine, na mdomo bado unasema. Alisema jambo refu. Mama Tekla alimshika bega akae, hakukaa, akaendelea kulisema, halafu akanyamaza, akainamisha kichwa upande, anangoja nijibu.

Nikajaza kifua pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Ndiyo, mzee! Nimesikia!"

Akaketi.

Sikuwa nimesikia hata neno. Mti ninao hapa barazani kwangu, mmeuona, nilipostaafu waliniachia niondoke nao. Ndugu zangu wanauliza mbona kila mwaka naufungua, mbona naugeuza jua, mbona nikikata vijiti vyake napanda gari navipeleka kule shambani nyuma ya nyumba ambayo siku hizi haina hata paa. Sijui nilimwahidi nini Mzee siku ile. Nafanya kila ninachodhani alikuwa anakisema.